Chupa ya surua na benchi la watoto wawili

Nianze na aibu yangu mwenyewe, ili mbele huko mtu asije akasema huyu dada anawasema wenzie. Mtoto wangu wa pili aliugua surua. Alikuwa na miaka mitatu na kitu, ni kabla ya korona, na sio kwamba nilikuwa sijui chanjo ni nini, nilikuwa najua sana tu, kadi yake ya kliniki nilikuwa nimeitia kwenye nailoni kama mtu anavyotunza hati ya kiwanja. BCG ya kifua kikuu ya siku za mwanzo, matone ya polio, zile za mapajani za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, surua ya miezi 9, zote zina tarehe na saini. Palikuwa na kisanduku kimoja tu kitupu. Cha mwaka na nusu.

Na wallahi nilimpeleka. Niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikapanda daladala mbili maana tulikuwa tumeshahama kutoka kule tulikokuwa tunakaa mwanzo, nikakaa kwenye benchi la zahanati moja hivi (sitaitaja) toka saa moja mpaka saa tano. Zamu yangu ikafika, nesi akaangalia kadi, akaangalia benchi lote mpaka mwisho, akanirudishia kadi. "Surua leo hakuna, rudi Jumatano." Nikamuuliza, dada angu mbona friji lile pale na wenzangu naona wanachomwa? Akanijibu, "Mama, wewe ndo unatufundisha kazi?" Watu wakacheka. Nikambeba mtoto wangu mgongoni nikaondoka, na nauli ya kurudi ilikuwa ndo hela ya mboga.

Jumatano ikapita. Ikaja nyingine nayo ikapita, nikawa nimepata kibarua cha kumsaidia mama ntilie mmoja pale stendi, na mtoto mwenyewe anakimbia, ana meno, anakula ugali kama baba yake, sasa mtoto wa hivyo nani anamkumbuka kliniki? Kliniki kwetu ni ya mtoto wa mgongoni. Akishaanza kufukuza kuku tunaona tumemaliza.

Ilianza kama mafua. Homa, kikohozi, macho mekundu yanatoa tongotongo, hataki mwanga kabisa. Siku ya nne hivi upele ukatokea nyuma ya masikio, ukashuka usoni, kifuani, mpaka miguuni. Mama mkwe alipomwona tu akasema hiyo ni surua, msimpeleke kuchomwa sindano itarudi ndani, mpeni uji na togwa, mfunikeni itoke yote. Mama mkwe wangu namheshimu mno, kanilelea watoto, na siku hiyo nilimtii, nikamtii siku mbili nzima mpaka mtoto akaanza kuvuta pumzi mbavu zinabonyea. Nimonia. Tukalazwa. Alipewa matone ya vitamini A siku ile na kesho yake, nikaambiwa ni kwa ajili ya macho, kwamba surua inakomba vitamini A mwilini. Nikamkumbuka mzee mmoja kule kijijini kwetu aliyekuwa anashikwa mkono kupelekwa msikitini, sisi watoto tulikuwa tunaambiwa alirogwa. Nilipomuuliza mama kwa simu nikiwa pale pale wodini akaniambia hapana, yule ni surua ya utotoni.

Mwanangu alipona. Ila kuna kitu sijawahi kukiandika popote.

Pale tulipokuwa tumepanga, chumba cha pili kulikuwa na mama ana mtoto wa miezi saba. Miezi saba, yani hata umri wa chanjo ya surua hajafika, hana kosa lolote yeye wala mama yake, kadi yake ilikuwa safi kuliko ya mwanangu. Tulikuwa tunatumia korido moja na choo kimoja. Kama wiki mbili hivi tangu mwanangu aanze kuumwa, yule mtoto naye akaanza mafua, na mimi nilijua kabla hata upele haujatoka, nilisikia kile kikohozi usiku kupitia ukutani nikakaa kitandani nikajishika kichwa. Wao walikaa wodini siku tisa. Naye alipona, siku hizi anavaa sare za shule, nikimwona anapita na begi lake huwa namwita nampa hata embe. Mama yake hakuwahi kunitamkia neno. Wala mimi sikuwahi kumwomba msamaha, ningeanzia wapi, ningesema "shoga yangu nisamehe sikurudi Jumatano"? Niliishia kumpelekea supu.

Nilikuja kuelezwa baadae kwamba mgonjwa mmoja wa surua akiingia kwenye watu wasio na kinga anaweza kuwaambukiza 12 mpaka 18, na vile vijidudu vinabaki hewani hata saa mbili baada ya mwenyewe kutoka chumbani. Saa mbili! Kwa hiyo kwenye nyumba za kupanga kama zetu, korido moja, unajificha wapi.

Sasa kwanini niliambiwa nirudi Jumatano? Jibu nililipata mwaka 2022. Mtaani kwetu huku Mbagala walikuwa wanatafuta watu wa kujitolea kwenye zoezi la matone ya polio, mwenyekiti wa mtaa akataja jina langu kwa sababu nina mdomo (alisema hivyo hivyo mbele ya watu), nikaenda semina. Wakati wa mapumziko nikamfuata mkufunzi mmoja nikamuuliza lile swali langu la miaka yote. Mama wa watu alinielewa vizuri tu, akanishika mkono akanipeleka kwenye friji akanionyesha kichupa cha surua rubela. Kidogo, hakijai hata kiganja, ndani kuna unga. Akaniambia huu unga unachanganywa na maji yake maalumu, ukishachanganywa unatosha watoto kumi, na kuanzia hapo una saa sita tu, zikiisha unamwagwa hata kama kachomwa mmoja. Ya BCG ndo kabisa, kichupa kimoja watoto ishirini.

Nilisimama pale nikaliona benchi la siku ile. Watoto wa kuchomwa surua tulikuwa wawili tu, wengine wote walikuwa vichanga wa matone na mapajani. Kumbe nesi alivyoangalia benchi alikuwa anahesabu. Ana vichupa vyake vichache, vingine havijulikani vinaletwa lini, akikifungua kimoja kwa watoto wawili anamwaga dozi nane na mwisho wa mwezi anaulizwa zimeenda wapi. Shirika la Afya Duniani wanashauri kichupa kifunguliwe hata mtoto akiwa mmoja, maana dozi inayomwagika ni hasara ndogo kuliko mtoto anayeondoka bila kinga, na mimi nakubaliana nao asilimia mia, ila nimeshafanya kazi na manesi vya kutosha kujua kwamba ushauri uko kwenye karatasi na vichupa viko vitatu kwenye friji.

Kilichoniuma ni kwamba maelezo yenyewe ni dakika moja. "Mama, dawa hii ikifunguliwa haikai, njoo Jumatano tunakusanya watoto wa surua siku hiyo." Basi. Ningeambiwa hivyo ningerudi hata kwa miguu.

Ndo maana nikisikia watu wanasema akina mama wa uswahilini wanakataa chanjo kwa sababu hawana elimu huwa napandwa na hasira. Toka niingie kwenye hii kazi nimegonga milango mingi sana, na waliokataa kabisa kabisa, kwa kukata shauri, nawahesabu kwenye vidole. Waliobaki wote wamekatishwa njiani. Na kilichowakatisha ni kitu kidogo kidogo ambacho hakimo kwenye mabango.

Chukua ile elimu ya asubuhi kliniki, kila mama anaijua. Nesi mmoja, akina mama sitini, nusu ya watoto wanalia na nusu wananyonya, "haya tulieni, leo tunaongelea umuhimu wa chanjo, chanjo ni nini, wewe mama wa kitenge chekundu jibu!" Mama wa kitenge chekundu anainama. Kisha wote kwa pamoja, chanjo ni kingaaa. Inaishia hapo. Mama anaenda nyumbani na mtoto kachomwa mapaja yote mawili, saa nne ya usiku mtoto anawaka moto, paja limevimba, analia kilio ambacho hajawahi kukisikia, baba anauliza umempeleka wapi mtoto, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba usiku wa kwanza hata wa pili homa ni jambo la kawaida, kwamba mwili ndo unajifunza, kwamba amnyonyeshe sana, amvue manguo mazito, aulize pale pale kliniki kipimo cha panadol ya maji kulingana na uzito wa mtoto, na ikipita siku mbili au mtoto akiwa mlegevu hanyonyi amrudishe haraka. Mama huyo unadhani wiki ya 10 atarudi kwa moyo mmoja?

Na huku pwani kuna degedege. Wanaoandika mabango sidhani kama wanalijua hili. Kwa bibi zetu mtoto mwenye degedege hachomwi sindano, ukimchoma anakufa, hiyo ni sheria ya zamani kuliko zahanati yenyewe. Sasa mtoto kachomwa asubuhi, usiku ana homa, anashtukashtuka usingizini, bibi anamwangalia anasema tayari, mmemwitia degedege. Ukienda pale ukaanza kumwambia bibi hizo ni imani potofu umeshashindwa, atakuitikia ndio mwanangu ndio mwanangu na ukitoka tu mtoto hapelekwi tena. Mimi namwambia, bibi, degedege ni kweli linaua na wewe umeliona kuliko mimi, ndo maana nataka homa ishushwe mapema, tena mtoto akikakamaa tu msimkalie na dawa za kunusisha, mkimbizeni hospitali muda huo huo. Na namwambia kwamba nimonia na homa ya uti wa mgongo vinaleta homa mbaya kuliko hiyo ya sindano, na sindano ya mapajani ndo inazuia hivyo. Bibi akishakuwa upande wako umemaliza, maana nyumba za kwetu mtoto ni wa bibi, mama anambeba tu.

Halafu mzani. Uwii, mzani.

Mzani wa kliniki unaning'inia mbele za watu, mtoto anavalishwa ile chupi ya kitambaa ananing'inizwa kama mfuko wa nyama, nesi anasoma kilo kwa sauti. Mtoto akipungua kila mtu kasikia. Na kwetu mtoto akipungua kuna neno linanong'onwa benchi zima, kabemendwa. Maana yake wazazi hawakuvumilia, wameharibu ziwa, baba anatembea nje, mama naye hajatulia, yote hayo yanasomwa kwenye nusu kilo. Nilikuwa na mama mmoja hapa jirani, binti mdogo tu, mtoto wake alipata kuhara akapungua, siku ya kliniki akasikia wawili nyuma yake wanacheka. Hakurudi. Miezi mitano! Na alikuwa anatuambia anaenda, anavaa anatoka na kadi anaenda kukaa kwa shangazi yake Kongowe mpaka mchana. Chanjo hakuikataa, alikuwa anaukimbia mzani, ila kwa sababu mzani na chanjo viko kwenye kadi moja na foleni moja, mtoto akakosa vyote.

Wa namna hiyo unamsaidiaje? Mimi nilimsindikiza, ndo hivyo tu. Nilienda na mapema nikaongea na nesi mmoja muungwana, wakampimia chumba cha ndani. Na hapo kuna jambo kubwa ambalo naomba kila mama anayesoma alishike, mtoto akichelewa HAANZI UPYA. Akina mama wengi wanakaa nyumbani kwa kuogopa kwamba wiki ya 10 imepita kwa hiyo kila kitu kimeharibika na wakienda watatukanwa. Hapana. Alizochomwa zimehesabiwa, anaendelea alipoishia, zile za mapajani zinaachana wiki nne nne. Isipokuwa ya matone ya kuhara, hiyo ina umri wake mtoto akishakuwa mkubwa hapewi tena, hiyo usicheze nayo, wiki ya 6 na wiki ya 10.

Kutukanwa je? Kutukanwa kupo, siwezi kudanganya. Wengine wanatukanwa kwa kuchelewa, wengine kwa kupoteza kadi, wengine wanasemwa hata nguo za mtoto. Nimeshaona mama amekaa nyumbani kwa sababu hana kanga mpya ya kumfunika mtoto siku ya kliniki. Mnacheka ila ndo hivyo, siku ya kliniki huku ni kama siku ya harusi, watu wanapendeza. Manesi nao, nimewaona wanavyoshinda, mmoja anapima, anaandika madaftari, anachoma, anajaza ripoti, hajanywa chai saa saba mchana. Simtetei anayetukana. Nasema tu nimekaa pande zote mbili za lile benchi.

Kurudi kwenye lile zoezi la polio la Mei 2022. Ilikuwa hivi, Februari mwaka ule Malawi walitangaza mtoto kapooza kwa polio kule Lilongwe, kirusi chenyewe kilipochunguzwa kikakutwa ndugu yake yuko Pakistani, na Afrika ilikuwa imeshatangazwa imemaliza polio ya asili tangu Agosti 2020. Malawi na sisi tunapakana, malori yanapita pale mpakani Kasumulu kila siku. Ikabidi watoto wote wa chini ya miaka mitano wapewe matone, mlango kwa mlango. Sisi tukapewa kibebeo cha barafu, wino wa kupaka kidole kidogo, chaki ya kuandika mlangoni, tukaingia mtaani.

Siku ya kwanza milango ilifungwa jamani. Mama anachungulia dirishani anasema mtoto kalala, na mtoto nyuma yake anaimba. Kumbe voisi ilikuwa imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba hayo ni matone ya korona yanapitishwa kwa watoto kwa sababu wakubwa wamegoma. Na mimi siwezi kuwalaumu, tulikuwa tumetoka kwenye kipindi ambacho chanjo ya korona ilisemwa vibaya hadi majukwaani, kisha Julai 2021 Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera, sasa mwananchi wa kawaida ashike lipi? Kuwaambia "serikali imesema" ilikuwa haitoshi. Tulichofanya, mwenzangu alikuwa na mtoto wake wa miaka miwili, siku ya pili akaja naye. Kila nyumba tukifika tunaonyesha kidole cha mtoto wake kina wino. Tena tukawaonyesha kwenye kichupa ile alama ya duara yenye mraba ndani, mraba ukiwa mweupe kuliko duara dawa ni nzima, ukiwa umefanana nalo rangi au kuzidi weusi imeungua na joto haifai. Akina mama waliipenda hiyo alama! Walikuwa wanachukua kichupa wanakiangalia juani wenyewe, wanaitana, "hebu njoo uone mraba". Nadhani ni kwa sababu ile ndo ilikuwa mara ya kwanza mtu kuwapa kitu wakikague, badala ya kuambiwa tulieni.

Kuna ajuza mmoja mtaa wa pili ndo aliyetufungulia nyumba nyingi. Ana kovu la mviringo mkononi karibu na bega, kubwa kuliko haya yetu ya BCG, la ndui. Alikuwa anawaambia wakwe zake, mimi nilichanjwa hii nikiwa msichana, nyinyi mmeshamwona mtu ana ndui? Kimya. Basi leteni watoto.

Na kweli, hakuna aliyemwona. Ndui ilitangazwa kuisha duniani tarehe 8 Mei 1980, na mtu wa mwisho kuipata kwa njia ya kawaida hakuwa mbali, alikuwa jirani yetu wa mwambao huu huu, mji wa Merca, Somalia. Jina lake Ali Maow Maalin, alikuwa mpishi hospitalini. Oktoba 1977 gari likaja na watoto wawili wenye ndui, dereva anauliza njia, yeye akaruka ndani kuwaelekeza, dakika chache tu. Zikatosha. Na unajua kwanini alikuwa hajachanjwa, mtu anayefanya kazi hospitali? Aliogopa sindano, basi. Alipona, na miaka mingi baadae akawa anazunguka Somalia kwenye kampeni za polio, akikuta mama anasitasita anamsimulia habari zake mwenyewe, kwamba mimi nilikimbia chanjo na hiki ndo kilinipata. Alifariki mwaka 2013 kwa malaria, akiwa kwenye kazi hiyo hiyo ya polio. Nikisoma habari za huyu baba huwa najiona mimi. Mtu aliyekosa chanjo mwenyewe ndo anasikilizwa zaidi, wala siwafichi akina mama kuhusu kile kisanduku kitupu kwenye kadi ya mwanangu. Huwa naibeba. Ile ile yenye nailoni.

Kitu kingine kilichonisaidia ni kuku. Wenzangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, karibu wote wanafuga, na kila miezi mitatu utawasikia wanaulizana nani ana dawa ya kideri, tuchangie kichupa kimoja tuchanje wote kwa pamoja maana ikishafunguliwa haikai. Siku moja nikawauliza, jamani kuku mnamchanja akiwa mzima au akishaanza kusinzia? Wakasema akiwa mzima bwana, akishasinzia utaokoa nini. Na mkichanja mara moja inatosha? Aah, lazima urudie. Na kuku wa jirani asipochanjwa? Analeta kwenye banda lako. Nikanyamaza nikawaangalia. Mmoja akaangua kicheko akasema, we dada umetushika. Somo lote la chanjo walikuwa wanalo, tena na lile la kichupa kisichokaa, mimi ningekuja kuwafundisha nini? Toka siku hiyo ile ya mwaka na nusu tunaiita "ile ya kurudia".

Maana ndo inayosahaulika kuliko zote, nirudi kwenye lile lililonipata. Kwanini irudiwe? Mtoto anazaliwa na kinga kidogo kutoka kwa mama yake, ile kinga inapungua taratibu, na ikiwa bado ipo inaiingilia chanjo isishike vizuri. Miezi 9 ndo umri uliochaguliwa huku kwetu kwa sababu kungoja zaidi ni kumwacha mtoto wazi. Ila kwa umri huo kati ya watoto mia wanaochomwa kama 85 ndo inashika, 15 wanarudi nyumbani wana tarehe kwenye kadi lakini kinga hawana, na huwezi kuwajua kwa kuwaangalia. Mwanangu alikuwa kwenye hao 15. Ile ya miezi 18 ndo inawakamata waliopenya kwenye wavu wa kwanza. Kwa hiyo mama ukiulizwa mtoto kamaliza chanjo usijibu ndio kwa sababu kachomwa ya miezi tisa. Fungua kadi uangalie.

Na mtoto akiwa na mafua siku ya kliniki nenda naye, nesi ndo aamue, mafua madogo hayazuii chanjo. BCG ikivimba na kutoa usaha kidogo baada ya wiki kadhaa usiikamue wala kuipaka majivu, inakauka yenyewe inaacha kovu. Aliyezaliwa njiti anahesabiwa tarehe aliyozaliwa, sio ile mliyokuwa mnaitarajia. Na ni bure, mtu akikudai hela ya sindano kwenye zahanati ya serikali uliza kwa sauti ya juu kama nilivyoulizwa mimi.

Ya mlango wa kizazi kwa mabinti zetu naulizwa sana inbox, ina maneno yake, nitaiandika siku yake.

Juzi Jumatatu yule binti wa mzani kanipigia. Mtoto wake kafikisha mwaka na nusu, kaenda zahanati kaambiwa surua leo hakuna. Nikamuuliza, umejibu nini? Akasema, "Nimeuliza wako wangapi, akaniambia niko peke yangu, nikamwambia basi Jumatano nakuja na wenzangu." Tukaingia kwenye grupu la VICOBA, tukapita genge la mboga, tukapita saluni, mume wangu naye kaulizia kijiwe cha bodaboda baba gani ana mtoto wa umri huo, na wawili wakapatikana hapo hapo ambao mama zao walikuwa hawajui kama kuna ya kurudia. Jumatano saa mbili tukawa tumekaa benchi moja, watoto wanane, mmoja kaja na bibi yake. Nesi akatoka na daftari, akaanza kuhesabu kwa kidole, alipofika wa nane akatuangalia, akacheka, akaingia ndani kuchukua kichupa.